Mlevi wa Kukataliwa

Jumatatu, 8 Septemba

Kikao cha wenye baa na grosari, ofisi ya kata. Nilikwenda nikidhani ni habari ya leseni. Kumbe habari ya ustaarabu.

Afisa biashara mpya anaitwa Hidaya. Binti mdogo, miwani mikubwa, ushungi wa kijani. Hajawahi kuonja bia maishani mwake, alisema mwenyewe, halafu akatufundisha kuiuza asubuhi nzima. Asiyetimiza miaka kumi na minane asiuziwe. Aliyekwisha kulewa asiongezewe. Maji ya kunywa yawepo, na chakula kiwepo. Mteja aliyezidiwa atafutiwe usafiri wa kumfikisha kwake. Atapita kutukagua. Atakayefanya vizuri kuliko wote atapewa banda la vinywaji kwenye tamasha la wakulima wa mboga mwezi ujao. Atakayevurunda atafungiwa mwezi mzima.

Lile banda nalihitaji. Grosari yangu hapa Kilakala inakata roho. Marehemu mume wangu aliniachia grosari, friji na jina zuri. Friji bado lipo. Tangu Rosa afungue baa yake ng'ambo ya barabara, wateja wananisalimia tu wakipita. Rosa huyo huyo ndiye aliyenipokonya kazi ya kuanzisha nyimbo katika jumuiya yetu. Leo alikaa mstari wa mbele, akanyoosha mkono kama mwanafunzi, akauliza kama maji ya mteja yawe ya baridi au ya kawaida. Hidaya alimtazama kama mama anavyomtazama kifungua mimba wake.

Nikishindwa, sina pengine ila kurudi mlimani kulima karoti na mdogo wangu Agustino. Nina miaka hamsini na goti bovu.

Nimewaza njia nzima. Si lazima mimi niwe mwema. Inatosha Rosa awe mbaya.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeanza na bango, ili Hidaya alione kabla hajashuka kwenye pikipiki. Fundi aliahidi kuandika ukutani, kwa herufi za kuonekana mbali: HATUUZI POMBE KWA WATU WALIO CHINI YA MIAKA KUMI NA MINANE. Alipima ukuta kwa macho. Herufi zilikuwa kubwa kweli. Alipofika kwenye WATU, ukuta ukaisha. Akasema yaliyobaki atayamalizia upande wa pili wa dirisha, akapanda baiskeli akaenda kula. Hakurudi.

Basi jioni nzima ukuta wangu ulisomeka HATUUZI POMBE KWA WATU.

Walimu wawili wastaafu, wateja wangu wa siku nyingi, walisimama, wakasoma, wakatazamana, wakavuka barabara. Nilitoka nikawaita. Mmoja akanijibu kwa heshima zote kwamba wamenielewa, na kwamba wokovu ni jambo jema.

Mhudumu wangu, Shamsia, alishauri tulifunike bango kwa khanga mpaka fundi apatikane. Tumelifunika. Sasa watu wanapita wakinipa pole ya msiba.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku ya Ester.

Ester ni mtoto wa dada yangu wa Ngerengere. Ana miaka ishirini na mitatu na watoto wawili, lakini sura ni ya darasa la sita. Kondakta wa basi bado anamwita mwanafunzi. Nilimwita aje, nikamsuka nywele za kitoto, nikamvalisha sweta la bluu na raba nyeupe. Kazi yake: avuke barabara, aagize bia kwa Rosa, aketi nayo mahali pa wazi. Kazi yangu: nimwite Hidaya aje kuona watoto wanavyouziwa pombe mchana kweupe.

Nilimpigia Hidaya. Akaja upesi, na shikamoo yake juu. Tukasimama mlangoni kwangu, tukaangalia.

Ester aliagiza. Rosa akamwuliza umri. Ester, ambaye tangu utoto hajui kusema uongo, kitu nilichopaswa kukikumbuka, akatoa kitambulisho. Rosa akakisoma, akacheka, akamwomba radhi, akamwambia siku hizi ni lazima kuuliza, asione vibaya. Akamkalisha. Wakaanza kuongea. Nikawaona wanaongea sana.

Hidaya aliandika kitu kwenye simu yake. Alisema amefurahi nilivyomwonyesha mfano mzuri kama ule, kwa kuwa si wafanyabiashara wengi wanaosifia washindani wao.

Ester alirudi jioni, uso unang'aa. Rosa amempa kazi. Anaanza kesho. Aliniuliza kama anaweza kubaki na lile sweta.

Jumamosi, 13 Septemba

Mpango mwingine. Huu hauhitaji mtu mkweli.

Maneno ni mteja wangu wa kudumu, fundi viatu, mlevi anayeheshimika. Nilimwomba aende kwa Rosa ajifanye amelewa na kudai bia. Jumamosi baa imejaa, Rosa hatakuwa na muda wa kumkagua mtu, atamwuzia tu. Nami nitakuwa na ushahidi kwenye simu.

Maneno alikubali, ila akasema yeye si mwigizaji, hawezi kujifanya kitu ambacho hakipo. Ilibidi nimlevye kwanza, kwa bia zangu. Alivuka barabara akiyumba kwa uaminifu mkubwa.

Rosa alikataa kumwuzia. Hilo lingevumilika. Lakini hakumfukuza. Alimshika mkono, akamweka kivulini, akamletea jagi la maji, kisha bakuli la supu ya utumbo na ndizi mbili. Akamwambia bia zipo na kesho zitakuwepo. Akamwita kijana wa bodaboda anayemwamini, akampeleka Maneno mpaka mlangoni kwake, akamkabidhi kwa mkewe. Mke wa Maneno alitoa shukrani kwa sauti. Mtaa mzima ulisikia.

Pombe ilipomtoka, Maneno alipita jioni hii kuniaga. Alisema kwangu amenyweshwa miaka yote, lakini hajawahi kukataliwa na mtu kwa upendo namna ile. Wenzake wote wameipata habari. Nimekaa kaunta nikawahesabu kwa dirisha wakipita. Wanalewa kidogo popote wanapoweza, halafu wanakwenda kwa Rosa kukataliwa.

Jumapili, 14 Septemba

Misa ya kwanza. Rosa ameanzisha nyimbo zote. Sauti yake imezidi kuwa nzuri, jambo ambalo sikulitarajia katika umri wake.

Nje ya kanisa nilimkuta wifi yangu, mke wa Agustino. Ameshuka kwa miguu toka juu mlimani, viatu mkononi, kuniona mimi. Hakuzunguka. Alisema mume wake akishusha karoti sokoni hupita kwangu, na akipita kwangu hurudi na pikipiki akiwa hajui kona ipo wapi na bonde lipo wapi. Wiki iliyopita aliingia kwenye shamba la watu, akalala kwenye kabichi.

"Wifi," aliniambia, "wewe ndiye dada yake. Akilewa mnyime. Mimi hanisikii, wewe atakusikia. Sikuombi kitu kingine."

Nilimwahidi. Nilimshika mikono yote miwili. Nilisema hata glasi moja ya ziada Agustino hatapata kwangu. Nilimaanisha. Nilimaanisha kabisa, mpaka nilipofika nyumbani na kukumbuka kwamba Agustino ndiye mteja wa pekee niliyebaki naye.

Jumanne, 16 Septemba

Hidaya amepiga simu. Kesho mchana anapita mtaa wetu kwa ukaguzi wa mwisho, kisha atamtaja mshindi. Kwa sauti yake, mshindi anajulikana.

Nimeshinda kaunta nikiangalia chupa. Maji yapo. Nimepika supu, si nzuri, lakini ni supu. Bango limekamilika, ingawa upande wa pili fundi ameandika MIAKA KUMI NA MINANI. Kila kitu kipo isipokuwa kile chenyewe. Nitamwonyeshaje afisa kwamba simwuzii aliyelewa, wakati hapa hakuna aliyelewa? Walevi wote wa Kilakala wapo kwa Rosa wakinywa maji.

Nahitaji mlevi mmoja. Mmoja tu. Wa kumkataa kwa upole mbele ya Hidaya.

Kesho Jumatano Agustino anashusha karoti.

Nimeiwaza ahadi ya wifi. Nimeigeuza huku na huku. Wifi alitaka nimnyime mumewe akilewa. Na ndicho hasa nitakachofanya. Ila ili nimnyime akiwa amelewa, ni lazima kwanza awe amelewa. Sioni nitakuwa nimevunja nini.

Jumatano, 17 Septemba

Sikutaka kuandika ya leo. Naandika hivyo hivyo.

Agustino alifika mapema, karoti zimeisha sokoni, amefurahi. Nilimwambia leo anywe, dada anamkaribisha. Alinitazama kama mtu aliyesikia jina lake redioni. Nikamwekea kiti nje, mbele kabisa, pale Hidaya atakaposhukia. Nikarudia moyoni maneno yangu: Hapana, ndugu yangu, afya yako kwanza.

Hidaya hakutokea. Nikampelekea Agustino nyingine ili asipoe. Hidaya hakutokea. Nikampelekea nyingine.

Shamsia alinifuata jikoni. Akasema, "Mama, huyu basi. Anaongea na kiti."

Nikamwambia asubiri kidogo, afisa yupo njiani. Alikwenda akauchukua ufunguo wa pikipiki juu ya meza ya Agustino, akaufungia kwenye droo ya kaunta. Sikumtuma. Alifanya kama kitu cha kawaida.

Agustino alipoukosa ufunguo akachachamaa. Akasema kama dada yake anamfanya mtoto, yeye anakwenda kwa Rosa, huko walevi wanaheshimiwa. Akaanza kusimama.

Hapo akili yangu yote ilikwenda mahali pamoja. Akivuka barabara, atakataliwa na Rosa. Hidaya akija ataona mlevi wangu, niliyemgharimia mwenyewe, anakataliwa na Rosa.

Nikafungua droo. Nikampa ufunguo wake. Nikampa na bia nyingine, akae. Akakaa. Akaniita dada mwema. Shamsia alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka kaunta.

Niliingia ndani kuweka sawa jagi la maji. Nikasikia pikipiki ikiwashwa.

Nilitoka nikikimbia na goti langu. Ng'ambo, kwenye meza ya Rosa, nikamwona Hidaya amesimama, kijiko mkononi. Alikuwa ameanzia ukaguzi upande ule. Alikuwepo pale muda wote, anakula chakula cha mchana. Sote watatu tulimwona Agustino akipanda kilima, amekaa wima kama bwana harusi. Rosa alikuwa wa kwanza kupiga kelele. Kijana wake wa bodaboda alimfukuzia Agustino kwa pikipiki.

Kona ya kwanza ilimshinda. Yupo korongoni. Yupo hai. Mguu umevunjika mahali pawili.

Alhamisi, 18 Septemba

Hospitali. Agustino amefungwa hogo la plasta kutoka kwenye paja mpaka vidoleni. Wifi alikuwa pembeni ya kitanda, amekalia ndoo iliyopinduliwa. Nilimsalimia. Aliitikia, lakini aliuitikia ukuta.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilitaka kusema alinizidi nguvu, alichukua ufunguo mwenyewe. Sikuwahi kuyasema. Agustino alianza yeye.

"Dada, usilie," alisema. Sikuwa nalia bado. "Mimi sina neno na wewe. Jana ilikuwa siku nzuri. Toka mama afariki hujanikarimu hivyo. Nilikuwa namwambia mke wangu hapa, dada ananipenda, ni vile tu hasemi."

Wifi akainua uso, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Mwambie," alisema. "Mwambie kwa nini ulimkarimu."

Shamsia alikuwa amemfikia wifi kabla yangu, akamweleza yote.

Nikamwambia. Niliangalia hogo muda wote. Nilimwambia kuhusu banda, na Rosa, na mlevi niliyemhitaji. Ilichukua muda mfupi sana. Jambo nililolizungusha kichwani siku nzima, ukilisema kwa mdomo, linaisha kabla mtu hajameza mate.

Muuguzi akaja akampima joto, akaondoka.

"Kwa hiyo ungeninyima," Agustino alisema mwishoni.

Nikasema ndiyo. Kwa upole sana.

"Basi ungeninyima mapema, dada. Ningekubali."

Halafu akageukia upande wa pili, kadiri hogo lilivyomruhusu. Karoti za mwezi huu nani atazishusha, sijui. Wana shamba lote limekomaa, na wifi ana mtoto tumboni. Hilo nililisikia kwa muuguzi. Wenyewe hawakuniambia.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Kutoka barabarani unauona mlima wote, kijani mpaka juu kwenye mawingu. Sikuweza kuuangalia.

Jumamosi, 20 Septemba

Hidaya alikuja na barua ya kufungiwa. Alinipa shikamoo kwanza, akaniuliza hali ya mgonjwa, ndipo akaniomba funguo za mlango wa mbele wa grosari. Nikamwambia sina la kujitetea. Akakaa kwenye kreti, akavua miwani, akaifuta. Kumbe bila miwani ni mtoto kabisa.

Aliniuliza swali moja, kwamba nilidhani yeye alitaka kuona nini. Nikasema mlevi akikataliwa. Akashangaa. Akasema hakuwahi kutafuta mlevi. Alipoona kwangu hakuna, alikuwa ameandika kwamba ni mahali patulivu, pa wazee. Jumanne nilikuwa wa pili. Pengo kati yangu na Rosa lilikuwa dogo, na Rosa mwenyewe alikuwa amemwambia banda ni kubwa kwa mtu mmoja, angependa agawane na jirani.

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nilitamani nisingemwomba.

Adhabu: kufungiwa mwezi mmoja, na kuhudhuria mafunzo ya huduma ya pombe kwa uwajibikaji. Shamsia yupo kwa Rosa. Sikumwuliza. Nilimwona akifuta meza, na Ester akimwelekeza vikombe vinakaa wapi.

Jioni Rosa alivuka barabara na sufuria. Supu. Alisema nyingine ameipeleka hospitali, na amemtuma kijana wake wa bodaboda akawe anashusha karoti za Agustino mpaka mguu upone. Nilitafuta hila ndani ya maneno yake. Nilitafuta sana, mimi naijua hila nikiiona. Haikuwepo. Alisema Jumapili kanisani nisikae nyuma peke yangu.

Supu yake ina pilipili manga na ndimu nyingi. Niliimaliza nimesimama, kwenye giza la grosari iliyofungwa, na hapo ndipo nililia.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimeamka na moyo mwepesi kidogo. Jana nilikwenda hospitali tena. Wifi aliniitikia mimi, si ukuta. Agustino alikubali chungwa nililomenya, akala nusu.

Nimeamua. Nitabadilika. Mbele ya Mungu na mbele ya nafsi yangu, hila basi. Kesho naanza mafunzo, na nitakaa mstari wa mbele, na nitanyoosha mkono.

Leo nimeisoma barua ya mafunzo kwa utulivu, mstari kwa mstari, kama mtu mzima. Siku tatu, kutwa, kwenye ukumbi ule wa mabati karibu na Msamvu. Wamealikwa wenye baa wote wa manispaa pamoja na wahudumu wao. Vinywaji vitakavyotolewa: chai ya rangi, na maji.

Nimeisoma tena. Wenye baa wote. Ukumbi wa mabati. Joto la mwezi wa tisa. Kutwa nzima wanaambiwa habari za bia, na hakuna hata mmoja atakayekuwa nayo, kwa sababu kila mmoja ameacha za kwake nyumbani. Na mimi nimefungiwa grosari, sikufungiwa friji. Friji nililihamishia chumbani juzi.

Haina ubaya. Ni watu wazima, tena wataalamu, wanajua mipaka yao. Nitakaa nyuma badala ya mbele, karibu na mlango.

Nimeazima sanduku la barafu kwa muuza samaki. Linanuka kidogo, ila chupa zina vizibo. Nimepakia kreti mbili za bia, na chupa tano za maji juu yake, ili sera izingatiwe.